Ndama wa Matroni

Tangu asubuhi nyumba nzima ya mzee Shimba ilikuwa ikisubiri kinyesi. Ndama alizaliwa jana yake, jike, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Jua halijawa kali alikuwa ameshasimama kwa miguu yake mwenyewe na kunyonya dang'a, maziwa mazito ya kwanza, mpaka povu likamtoka mdomoni. Yote yanayotakiwa kwa ndama aliyafanya. Kilichobaki ni kimoja tu, kile ambacho hakuna anayekishukuru mpaka kikosekane, na kwa ajili hiyo Shimba, mtu mzima mwenye wajukuu, alishinda zizini ameinama nyuma ya ndama kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Bado?" Gladness aliuliza kutoka jikoni.

"Bado."

Gladness alikuwa kitindamimba wake. Alirudi nyumbani hapa, kijijini karibu na Busisi, kuja kumuuguza mama yake, na baada ya mazishi hakuondoka tena. Hakuna aliyemwuliza ataondoka lini. Baba mtu alikuwa akiogopa kuuliza asije akajibiwa.

Jirani yao Kashindye, ambaye pua yake ilinusa habari kabla hazijatokea, alikuja akaegemea boma la miti na kumtazama ndama kwa makini.

"Huyu ana adabu za shule ya bweni," alisema. "Anasubiri Matroni ampe ruhusa."

Matroni ndilo lilikuwa jina la ng'ombe mama. Alipewa na Mhoja, mke wa Shimba, kwa sababu ng'ombe yule, chotara mwenye macho makali, hakuwa na jambo lisilomhusu. Alichungulia dirishani, akanusa sufuria, akakagua nguo kwenye kamba moja moja, na mgeni akibisha hodi yeye ndiye aliyetangulia kumtazama juu mpaka chini. Mhoja alimlea kwa chupa tangu akiwa mdogo. Alikuwa akimgombeza mchana kutwa na kumkatia majani mabichi jioni, na ukitaka kukosana na Mhoja ungemsema vibaya Matroni mbele yake.

Siku hiyo Shimba alicheka kidogo kwa utani wa Kashindye, lakini kicheko hakikufika mbali. Ndama huyu hakuwa ndama tu. Alikuwa kitu pekee alichokuwa amebaki nacho cha kumtimizia Mhoja.

Mambo yalianza mwaka uliopita, tumbo la Mhoja lilipoanza kujaa maji. Daktari alisema ni kichocho cha siku nyingi, kile cha ziwani, kimemla ini polepole tangu alipokuwa msichana wa kufua nguo ufukweni. Kila baada ya muda ilibidi avushwe kwenda Mwanza, atobolewe, maji yatolewe, arudi. Walimwambia Shimba mara ya kwanza kwamba huenda isirudiwe. Ikarudiwa, na ikarudiwa tena. Wakiwa kwenye foleni ya kivuko Mhoja alilala kiti cha nyuma cha gari la kukodi, na daraja jipya lilionekana pale pale mbele yao, limesimama majini, halijaisha.

Siku moja kabla ya safari mojawapo, Mhoja alikaa mlangoni na kumtazama Matroni, ambaye alikuwa amepandishwa kwa mrija wa mbegu za dume mwezi uliotangulia.

"Kama nikijua ameshika mimba," alisema, "nitakuwa na cha kukirudia."

Alilisema taratibu tu, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Lakini Gladness alilisikia, na haikupita saa akawa amemfuata Maige huko huko alikokuwa, akamrudisha na pikipiki yake. Maige ndiye kijana aliyekuwa akipandisha ng'ombe wa upande ule wote. Alikuwa na mkono mwembamba na sifa njema. Wakamfunga Matroni kwenye nguzo, Gladness akakimbilia ndani kuleta maji ya moto na sabuni.

Maige alingoja msichana aondoke, kisha akamgeukia Shimba.

"Mzee, hii mimba bado changa mno. Walionifundisha walitukataza kuigusa mapema hivi. Vidole vikikosea kidogo tu inaweza kutoka, au ndama akazaliwa na kasoro. Nipe mwezi mwingine, hata miwili ikiwezekana."

Shimba alitazama mlangoni. Mke wake alikuwa amekaa vile vile, amefunika tumbo kwa khanga mbili, na alikuwa akijifanya hawatazami.

"Mama yake Gladness anaondoka kesho," alisema. "Ingiza mkono."

Gladness alirudi na beseni. Maige alinawa, akapaka sabuni mpaka kwapani, akaingiza mkono, akafumba macho. Hata Matroni, ambaye si kawaida yake kushikwa nyuma akatulia, hakupiga teke. Mwisho kijana alifumbua macho na kutabasamu.

"Ipo. Ndogo kama yai la njiwa, lakini ipo."

Mhoja alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu na bado akaendelea kucheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. "Akiwa jike mwiteni Pamba," alisema. Baba yake alikuwa mkulima wa pamba, na yeye utoto wake ulipita kwenye yale marobota, akilalia mavuno. Kesho yake kwenye kivuko aliwasimulia watu asiowajua kwamba ana ng'ombe mwenye mimba. Alirudi safari ile, na iliyofuata akarudi. Iliyofuatia hiyo alirudishwa. Tumbo la Matroni lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kuonekana.

Kwa hiyo Pamba alipodondoka kwenye majani, mzima, jike, na doa lake, Shimba alisimama peke yake zizini na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasema na mkewe kwa sauti. "Amefika," alimwambia. Halafu akaona haya, akajifanya alikuwa akimwambia ng'ombe.

Mchana wa siku ile ya kusubiri walijaribu wanayoyajua. Gladness alimpa ndama vijiko vichache vya mafuta ya kula. Kashindye alileta maji ya sabuni na bomba la plastiki, wakamwingizia kidogo kwa nyuma. Njia ilikuwapo, hakuna ngozi iliyoziba, na kila aliyetazama alisema hana tatizo huyu. Kilichotoka kilikuwa ute mweupe tu. Kashindye alisema hiyo ni dalili njema, kwanza hutangulia ute. Alilisema kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu.

Asubuhi iliyofuata Pamba alikataa kunyonya. Alisimama miguu imetanuka, kichwa chini, na tumbo lake lilikuwa limejaa pande zote mbili, limekaza. Shimba aliligusa kwa kiganja. Alikuwa analijua tumbo la namna ile. Alikuwa amelala karibu nalo mwaka mzima. Alitoka zizini, akaenda nyuma ya nyumba asionekane, akalia kwa muda, kisha akapangusa uso kwa mkono wa shati na kumwambia Gladness apige simu kwa daktari.

Daktari wa mifugo aliitwa Hellen, aliishi Buswelu, ng'ambo upande wa Mwanza, na alikuja kabla ya saa sita. "Siku hizi daraja limekwisha," Kashindye alieleza, bila kuulizwa na mtu. "Unatoka Buswelu chai ipo mezani, unafika huku haijapoa." Kashindye hakuwa amewahi kufika Buswelu.

"Shikamoo, mzee," Hellen alisema.

"Marahaba, daktari. Mgonjwa wetu ni huyu."

Hellen alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyependa kupoteza maneno. Alipima joto, akasikiliza tumbo huku na huku, akachukua mpira laini mwembamba, akaupaka mafuta na kuuingiza kwa nyuma polepole. Uliingia kidogo ukagota. Alijaribu tena, na ukagota pale pale. Alipoutoa ulikuwa na ule ute mweupe, hauna hata rangi ya kinyesi. Aliutazama muda mrefu kuliko ulivyostahili kutazamwa, na Shimba akaelewa kwamba alikuwa akitafuta jinsi ya kuanza.

"Utumbo wake mpana haukuunganika," alisema. "Huku mbele upo, na huku nyuma upo, lakini katikati kuna sehemu haikuumbika. Anachonyonya kinaingia, hakina pa kutokea. Si kosa la dawa wala la maziwa. Amezaliwa hivyo."

"Tumpeleke akafanyiwe operesheni," Gladness alisema upesi. Alikuwa amepiga magoti, kichwa cha Pamba kipo mapajani mwake. "Daraja lipo. Sasa hivi tu tunavuka, hatusubiri chochote. Baba, si tunavuka?"

Hellen hakumkatiza. Msichana alipomaliza akamweleza ukweli wote. Inawezekana kumpasua ubavuni na kumtolea utumbo nje, awe anajisaidia kwa hapo. Wengi hufa mezani au siku chache baadaye. Anayepona huishi ananuka, ubavu una vidonda, nzi hawamwachi, na hata akikua haifai azae, kwa sababu kasoro hiyo mara nyingine hurithiwa. "Mkitaka nitawasaidia kutafuta mahali," alisema. "Lakini angekuwa wangu nisingemfanyia."

Gladness alimtazama baba yake. Macho yake yalikuwa ya mtoto mdogo, ingawa alikuwa mtu mzima, na Shimba angetoa chochote asitazamwe vile. Alichuchumaa karibu na ndama.

"Mwanangu," alisema, "nimeshamwona mtu akitobolewa tumbo. Kila safari tuliambiwa huenda ikawa ya mwisho. Mama yako alikubali kwa ajili yetu, si kwa ajili yake. Alikuwa na akili ya kukubali. Huyu hawezi hata kutuambia kwamba amechoka."

Gladness alimfuta Pamba mdomo kwa ncha ya khanga yake, taratibu, kushoto na kulia, kama anayemwandaa kwenda mahali. Kisha akasimama, akamfungua Matroni na kumswaga kuelekea ufukweni kwenye majani, ili mama asione. Matroni aligeuka mara kwa mara na kuita. Ndama alijaribu kuitikia, sauti ikatoka ndogo.

Sindano ya kumpumzisha ilifanya kazi yake haraka. Shimba alikuwa amemshika Pamba shingo, na alihisi uzito wa kile kichwa ukimjia mkononi wote kwa mara moja. Alibaki amekishika hata baada ya kuambiwa tayari.

"Naomba nimfungue nihakikishe," Hellen alisema. "Usipotaka kuona, sogea kando."

"Nitaona."

Aliona. Utumbo ulikuwa umevimba, mnene kama mkono wa mtu, umejaa yale maziwa yote ya siku ya kwanza yaliyokuwa yamewapa furaha, halafu ghafla ukaishia, mviringo, umefungika wenyewe. Hellen alipekua chini zaidi na kumwonyesha upande wa pili: uzi mwembamba, mweupe, mtupu, usiowahi kupitisha kitu. Kati ya huku na huku kulikuwa na nafasi isiyozidi kiganja. Shimba aliitazama ile nafasi. Aliweka kiganja chake juu yake, bila kugusa, na kilienea.

Hellen alinawa mikono kwenye ndoo. Kashindye alikuwa ameondoka kwenda kuchukua kisu cha kuchunia, na wawili hao walikuwa peke yao.

"Mzee, nikuulize kitu. Huyu ng'ombe wenu alipimwa mimba kwa mkono?"

"Alipimwa."

"Mimba ikiwa na muda gani?"

Shimba aliona kiganja cha Maige chenye povu la sabuni. Aliona mlango, na khanga mbili.

"Kwa nini unauliza?"

"Wapo wataalamu wanaosema ikishikwa mapema sana, ule mfuko wa mimba ukiwa bado mdogo, mshipa wa damu unaopeleka chakula kwenye utumbo unaweza kubanwa, na hapo penye kukosa damu hapaumbiki. Wengine wanasema ni damu ya ukoo tu, hasa kwa hawa wenye asili ya ng'ombe wa maziwa. Mimi sijui. Kwa huyu hakuna atakayejua."

"Ulikuwa mwezi na siku chache," Shimba alisema. "Kijana alinikataza. Mimi ndiye niliyemwambia aingize mkono."

Hellen hakumwuliza sababu, na Shimba alimshukuru kwa hilo kuliko kwa sindano. Angesemaje? Kwamba alinunua kicheko cha mgonjwa kwa utumbo wa ndama? Na kibaya zaidi, akisimama pale mikono imejaa damu, alijipima moyoni na kuona kwamba angerudishwa siku ile, mlango uko wazi na Mhoja amekaa vile, angesema maneno yale yale.

Ndipo aliposikia hatua. Gladness alikuwa amerudi, amemwacha ng'ombe amefungwa ufukweni. Alisimama mbali kidogo, akijitahidi asitazame chini.

"Daktari," aliuliza, "inasababishwa na nini?"

Hellen alimtazama Shimba. Shimba naye alimtazama binti yake, aliyekimbia kwa miguu yake kumfuata Maige, aliyembembeleza, aliyeleta beseni kwa mikono yake miwili. Yale maneno ya onyo hakuyasikia, alikuwa jikoni. Lakini kama angeambiwa sasa, asingekumbuka kwamba baba yake ndiye aliyeamuru. Angekumbuka tu kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuita. Angelibeba hilo mpaka uzeeni, na kile kicheko, ambacho ndicho kitu bora alichompa mama yake, kingegeuka sumu.

"Ni damu ya dume," Shimba alisema. "Daktari amesema huwa hivyo. Inatoka kwenye ukoo wa dume."

Hellen aliutumbukiza ule mpira ndani ya begi.

"Ndiyo," Hellen alisema, akifunga begi lake. "Mara nyingine huwa kwenye damu."

Alipokuwa akiingia kwenye gari Shimba alimsindikiza na kusimama dirishani. Hellen aliwasha gari. "Mzee," alisema, "hata mimi nina mama. Naye angenificha vivyo hivyo." Kisha akaondoka kuelekea darajani.

Kashindye, ambaye kwa ngozi alikuwa fundi wa kweli, alimchuna Pamba bila kutoboa hata mahali pamoja, na siku hiyo hakufanya utani. Nyama waliifukia shimoni kwa sababu ya dawa ya ile sindano. Ngozi waliipaka chumvi na kuijaza majani makavu, kama wazee wao walivyofanya ndama anapokufa, ili ng'ombe asiyekuwa na mtoto akubali kushusha maziwa. Shimba alikuwa amekataa mwanzoni. Lakini jioni, Matroni alipoletwa, alizunguka zizi lote akinusa kila pembe, akaita, akasikiliza, akaita tena. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa, na alipokamuliwa hakutoa hata tone. Alikuwa akiumia, na hakuwa na namna ya kuelezwa.

"Ileteni," Shimba alisema.

Gladness aliishika ngozi mbele ya pua ya mama. Matroni alirudi nyuma, akanusa, akasita. Kisha akalisogelea lile doa jeupe la paji la uso na kuanza kulilamba, na macho yake makali yakalegea. Chini, Shimba alihisi chuchu zikilainika. Maziwa yalishuka.

Alikamua bila kuinua kichwa. Alikuwa anaona vibaya kumdanganya Matroni, kuliko hata alivyoona vibaya kumdanganya binti yake mchana.

"Baba," Gladness alisema baadaye.

"Ee."

"Pamba ameondoka, lakini nashukuru tulimwita Maige siku ile. Angalau mama alijua. Unakumbuka alivyocheka?"

"Nakumbuka."

"Tulifanya vizuri, si ndiyo?"

"Tulifanya vizuri sana," alisema Shimba.

Gladness alifikiri kidogo, na aliposema tena sauti yake ilikuwa na uhai kidogo, ule ambao baba yake alikuwa akiuombea. "Matroni akipandishwa tena, kwa dume mwingine, tumwite Maige mapema vile vile. Tujue mapema."

"Hapana. Safari hiyo tutasubiri mpaka tumbo lionekane lenyewe."

"Kwa nini, baba?"

Shimba aliegemeza paji lake la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, mahali penye joto, ambapo uso wake haungeonekana.

"Hatuna haraka tena, mwanangu," alisema. "Aliyekuwa na haraka ameshaondoka."

Gladness aliisogeza ngozi karibu zaidi, na Matroni akaendelea kuilamba kuanzia paji la uso mpaka shingoni, huku mzee akikamua mpaka ndoo ikajaa.